TAHADHARI: Kopo la jina kubwa, ndani diski za kuokoteza

Jamani, mnaohifadhi picha na video za familia kwenye diski, someni hii kabla hamjalipa.

Kuna muuzaji wa mtandaoni anauza DVD-R tupu kwa makopo ya 50. Lebo ni ya kampuni inayoheshimika, bei iko juu kuliko za kawaida, na kwenye tangazo kaandika "zinadumu miaka 100". Ukizichoma (yaani ukiziandikia faili kwa draivu) zinakubali vizuri tu, na faili zote zinafunguka. Shida inakuja baadaye, hata kama ulizitunza gizani: draivu inasoma folda za mwanzo, ikikaribia ukingo wa diski inaanza kukwaruza na kurudiarudia, mwisho inagoma.

Nikachukua zile zilizobaki tupu nikazikagua kwa ImgBurn, programu ya bure inayoonyesha msimbo wa aliyetengeneza diski. Kopo moja, misimbo tofauti! Hata zile namba ndogo kwenye duara angavu la katikati hazikufanana mwandiko. Kwa hiyo mtu kazoazoa diski za bei poa kutoka huku na kule, akazipanga ndani ya kopo la watu. Nilipomuuliza akajibu "zote ni sawa tu boss", kisha akaniblock.

Sasa, je, za bei rahisi huharibika haraka? Mara nyingi ndiyo, ila bei peke yake si kipimo. Leza inaandika kwenye tabaka jembamba la rangi, na nyuma ya rangi hiyo kuna kioo cha madini, kwa kawaida fedha. Kiwanda kinachobana gharama hupaka rangi isiyolingana, au kinaziba ukingo ovyo. Hewa na unyevu vikipenya, fedha inaanza kuchakaa. Kwenye CD-R hali ni mbaya zaidi, kwa sababu tabaka hilo liko chini tu ya lebo, limefunikwa na vanishi basi. Watu wanalinda upande unaong'aa huku wanakwaruza upande wa lebo kwa kalamu ngumu. DVD afadhali, tabaka lake limebanwa katikati ya plastiki mbili, ingawa gundi mbovu nayo ina mambo yake.

Dhahabu haishiki kutu, ndiyo maana diski zenye kioo cha dhahabu halisi ni ghali. Lakini rangi ya dhahabu iliyopakwa upande wa lebo ni urembo, msiilipie.

Jina nalo si dhamana, maana kampuni nyingi hazina kiwanda, zinanunua diski popote na kugonga nembo yao. Taiyo Yuden wa Japani, waliosifiwa kuliko wote, walijitoa kwenye biashara hii mwaka 2015. Anayekuuzia "mpya kabisa kutoka kiwandani kwao" leo anakudanganya. Na msimbo wao uliigwa sana, hivyo msimbo sahihi hauthibitishi kila kitu. Msimbo usiolingana ndio unaomuumbua tapeli.

Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji picha ya duara la katikati na ya msimbo. Akizungusha maneno, achaneni naye. Na kama tayari mna diski za makopo ya namna hii, zisomeni leo hadi faili ya mwisho, mnakili kila kinachosomeka kwenye hard disk mbili tofauti, halafu ndiyo mdai hela zenu.