Mwongozo wa kununua: vifaa vya USB na mtandao kwa gemu ya mkononi

Mwenye gemu ya mkononi anayezunguka madukani Digo Road na Moi Avenue hapa Mombasa akitafuta namna ya kuiongezea kibodi, padi ya pili na mtandao ulio imara, huonyeshwa vifaa vinavyofanana kwa umbo lakini vinavyotofautiana sana kwa kazi. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kutazama si kasi iliyoandikwa kwenye kasha bali ni umeme: kifaa kinaupata wapi, na gemu yenyewe inabakishiwa kiasi gani cha kujichaji. Mpangilio ufuatao, kuanzia kile kinachofaa zaidi hadi kile ambacho ningemshauri mtu akiache dukani, umefuata kigezo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa habu ya USB-C yenye tundu la LAN (la waya wa mtandao) na tundu la kupitishia chaji, yaani kile kifaa kinacholigawa tundu moja la gemu kuwa matundu kadhaa. Gemu ya mkononi ya Steam Deck, iliyotoka mwaka 2022, ina tundu moja tu la USB-C, na hilo hilo ndilo la chaji, la televisheni na la kila kifaa cha nje cha USB. Ukichomeka padi humo moja kwa moja, utacheza huku betri ikiisha. Habu yenye njia ya chaji huliondoa tatizo hilo, ingawa nayo hujikatia fungu lake. Chaja inayokuja na Steam Deck ni ya wati 45, na habu nyingi hujiwekea wati kadhaa kabla ya kupitisha zinazobaki, kwa hiyo anayekusudia kucheza kwa muda mrefu huku vifaa vimechomekwa ni afadhali atafute chaja ya wati 65. Maandishi ya "100W" yaliyo juu ya habu yasimbabaishe mtu, kwa kuwa yanataja kiwango cha juu ambacho habu inaweza kupokea kutoka kwa chaja, nayo haizalishi umeme wowote.

Beba gemu yako na chaja yako uende nazo dukani, kwani kujaribu kifaa kabla ya kulipa si jambo la kumwonea muuzaji haya. Chomeka habu, kisha fleshi, kisha chaja. Fungua faili lolote lililo ndani ya fleshi, halafu uichomoe chaja huku faili likiwa bado wazi. Habu dhaifu hukata kila kitu kwa sekunde moja au mbili pale umeme unapobadilika, ukaona fleshi ikipotea kwenye skrini na kurudi. Kwa kibodi hilo si neno. Kwa mtu aliyeweka michezo yake kwenye diski ya nje ni hatari, kwa sababu kukatika huko katikati ya kuandika kunaweza kuharibu faili, na hapa kwetu kila stima inapopotea ni sawa na mtu aliyekuja akachomoa chaja. Ukiona habu imeshindwa jaribio hili, iache, hata kama bei yake ni nusu ya nyingine.

Nimesisitiza tundu la LAN kwa sababu ya nyumba zetu. Mji wa Kale kuna nyumba ambazo kuta zake nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na mawimbi ya Wi-Fi ya 5 GHz hudhoofika upesi zaidi kuliko ya 2.4 GHz yanapopita katika kuta kama hizo. Katika majumba ya ghorofa ya Tudor au Bamburi mambo hugeuka: kuta ni nyembamba lakini ruta za majirani ni nyingi, na mawimbi ya 2.4 GHz yana chaneli 3 tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Waya wa LAN hauna habari na ukuta wala jirani. Hata hivyo, usitarajie waya huo ufupishe safari ya data: nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zimetua hapa Mombasa tangu 2009, lakini seva ya mchezo iliyoko Ulaya bado iko maelfu ya kilomita, na ucheleweshaji unaotokana na umbali huo hauondolewi na kifaa chochote cha dukani.

Nafasi ya pili ni adapta ya LAN peke yake, nayo inamfaa hasa mwenye Nintendo Switch ya mwaka 2017, gemu ambayo kituo chake cha televisheni, yaani kile kikalio cha kuiunganishia na televisheni, kina matundu ya USB lakini hakina LAN. Adapta yenye chipu ya AX88179 inajulikana kufanya kazi nayo. Switch ya skrini ya OLED, ya mwaka 2021, ina tundu la LAN kwenye kituo chake, kwa hiyo mwenye hiyo asitoe hata senti.

Nafasi ya tatu ni adapta ndogo ya Wi-Fi, kwa wale wenye gemu za bei nafuu zisizo na Wi-Fi kabisa, mfano wake ukiwa R36S. Mashine hiyo ina matundu mawili ya USB-C, moja la chaji na jingine lililoandikwa OTG. Ni hilo la pili pekee linalopokea vifaa, na wengi huilaumu adapta nzima kumbe wameichomeka penye chaji. Kwa kuwa mfumo wake ni wa Linux, kinachoamua ni chipu iliyo ndani ya adapta, si jina la kampuni wala wingi wa antena. Ulizia chipu za jamii ya RTL8188 au MT7601U, ambazo ni za 2.4 GHz peke yake na zinatosha kabisa kupakua masasisho na kuhamisha faili. Jihadhari na zile zinazojitambulisha kwanza kama diski yenye draiva (programu za kuendeshea kifaa) za Windows, kwani gemu huiona diski na isiione Wi-Fi. Ikumbukwe pia kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele za redio katika eneo lile lile la 2.4 GHz; adapta ikikaa ubavuni mwa diski ya aina hiyo kwenye habu moja, itenge kwa kebo fupi ya kurefushia.

Padi na kibodi hazihitaji maneno mengi. Ikiwa gemu ina Bluetooth, padi ya Bluetooth haichukui tundu lolote, na kibodi yoyote ya kawaida ya USB hufanya kazi kwenye Steam Deck. Kwenye Switch itakusaidia kuandika tu, si kucheza michezo iliyo mingi.

Mwisho kabisa ni adapta ya Wi-Fi kwa gemu ambayo tayari ina Wi-Fi yake. Steam Deck ya kwanza ina Wi-Fi 5 na ile ya OLED ina Wi-Fi 6E, kwa hiyo adapta ya kawaida itakalia tundu na kula betri bila kuleta nafuu ya maana, na kwenye Switch haitatambulika kabisa. Ikiwa mawimbi hayafiki chumbani unakochezea, pesa hizo zinunulie waya mrefu wa LAN, au uisogeze ruta mlangoni kabla hujanunua chochote.