Hedifoni za tivi: eti masikio yangu ndo yamechelewa

Jamani mimi sio mtu wa kuandika andika mambo ya vitu nilivyonunua, nikiuziwa kibovu huwa nanuna siku mbili natulia, ila hili limenikaa kooni na kila nikizigusa hizi hedifoni namkumbuka yule kijana wa dukani na kicheko chake, kwa hiyo leo acha niseme.

Mama mkwe alikuja kutoka Muheza kama kabla ya mfungo hivi, alikuja kwa wiki mbili, bado yupo, na sisemi vibaya maana tunaelewana vizuri tu, ila masikio yake yamechoka. Akiangalia tivi yeye sauti inapanda mpaka inagota. Jirani wa ukuta wa pili tukikutana asubuhi ananiuliza kama yule binti kwenye tamthilia amerudiana na mumewe au bado. Baba watoto anaamka saa 10 alfajiri kwenda kazini. Vyumba viwili na sebule, utakimbilia wapi? Nikaambiwa kuna hedifoni za tivi zisizo na waya, mmoja anavaa anasikia mwenyewe, wengine mnalala.

Nikapanda mwendokasi Kimara mpaka Gerezani, nimesimama njia nzima, nikaingia Kariakoo. Kijana siku hiyo alikuwa asali. Karibu mama, kaa mama, nikuletee maji mama. Tivi yetu haina bluetooth kwa hiyo akanitolea na kale kaboksi kanakochomekwa nyuma ya tivi ili karushe sauti. Nikamuuliza mara mbili, sauti haitachelewa? Maana dada mmoja kazini alishanionya. Akageuza boksi akanionyesha maandishi, hii haichelewi mama, hii ya kisasa. Vyote viwili elfu 85, eti kanishushia kutoka laki na 10. Nikatoka najiona mjanja.

Usiku wa kwanza zikawa zinakwaruza tu, krrr krrr, nikataka kulia. Kumbe kwenye setingi za tivi sauti inayopita kwenye ule waya wenye mwanga mwekundu ilikuwa imewekwa Dolby, aina ya sauti ambayo kale kaboksi hakaisomi, ukibadilisha ukaweka PCM, ile ya kawaida, inatoka safi. Hilo nimelisamehe, ingawa muuzaji anayejua kazi yake angekwambia kabla hujatoka mlangoni.

Sasa hapa mtanicheka. Wiki nzima hatukugundua kitu! Mama yeye ni tamthilia za Kituruki zilizowekwa Kiswahili, na zile midomo na maneno havijawahi kufuatana tangu tuanze kuziangalia, mtu ameshafunga mdomo anakunywa chai yake na sentensi bado inaendelea, tumezoea. Mama anafurahi, na mimi yeye akilala nazivaa nafurahi, sauti nene tamu, nasikia mpaka kijiko kikigonga glasi. Nikamsifia yule kijana kazini mpaka wenzangu wawili wakachukua namba yake.

Ikaja siku Simba wanacheza, mama ameshalala, baba watoto akasema hebu na mimi nisikie hayo maajabu yenu. Haikufika hata dakika ya kumi akazivua akaziangalia kama mtu anayeangalia samaki wa jana. Mama watoto, hiki kitu kina shida. Nikavaa mimi. Linapigwa shuti, naona mwamba unatikisika, mpira umesharudi uwanjani ndo nasikia ngo! Refa ameshatoa filimbi mdomoni, ndo inalia. Sio sekunde nzima, ni kama robo hivi, lakini ile robo ukishaijua basi, ni kama kokoto kwenye wali, ukishatafuna moja sahani yote unaimaliza kwa woga. Nikahamia taarifa ya habari, mtangazaji anafumba mdomo, neno linafuata. Nikasema haya, tumepigwa.

Jumamosi nikarudi. Asali imeisha. Kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu. Nikamweleza kwa upole kabisa, kaka, zile hedifoni sauti inachelewa, akachomeka kwenye tivi yao akaweka muziki. Muziki! Mbona inaimba fresh tu? Nikamwambia weka mtu anayeongea tuangalie mdomo. Akapumua kama nimemuomba figo, halafu kwa sauti ya kusikiwa na kila aliyekuwa pale akasema, mama, au masikio yako ndo yamechelewa, nenda kapime kwanza. Wenzake wawili wakacheka, na mteja mmoja naye akacheka na hanijui wala simjui.

Mimi mtu mzima, nina mtoto anamlingana yeye. Na ukumbuke hizo hedifoni nilimtafutia mtu ambaye masikio yake kweli ni mabovu, kwa hiyo lile neno halikuishia kwangu, lilifika mpaka Muheza.

Nikaomba hela yangu. Akanionyesha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Na mimi mkononi nina kikaratasi cha kuandikwa kwa peni, kila siku tunaambiwa ukinunua dai risiti, siku ile ya maji mama karibu mama sikudai. Shemeji ananiambia niende Tume ya Ushindani, nikamwambia kwa elfu 85? Nauli na siku za kazi nitakazopoteza je? Ila kuna siku naamka nasema leo naenda.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa dada yangu anayetengeneza simu. Anasema bluetooth ya kawaida sauti lazima ifungashwe kwanza, irushwe, ikafunguliwe upande wa pili, hapo ndo muda unapopotelea. Kuna aina inayoharakisha, inaitwa aptX Low Latency, lakini mpaka iwepo pande zote mbili, kwenye kaboksi na kwenye hedifoni. Kaboksi kangu kanayo, ndo yale maandishi niliyoonyeshwa. Hedifoni hazina! Kwa hiyo boksi lilisema kweli, ndoa ndo feki. Akasema kama ni wa mpira bora zile zinazouzwa na stendi yake, zinatumia mawimbi yake zenyewe sio bluetooth, hizo hata zikichelewa hutajua.

Kwa hiyo msinunue. Yaani, msinunue kwa kuonyeshwa boksi, mwambie muuzaji aweke mtu anaongea, uvae, uangalie mdomo, akikataa ondoka. Hizi zangu kwa mpira ni takataka na baba watoto hazigusi tena.

Ila nisiwe muongo. Juzi mama kazivaa, nipo nakuna nazi, nikasikia ananiita, mwanangu, kumbe huyu mzee kwenye tamthilia huwa analia? Mimi nilijua anakohoa. Miezi yote hiyo anamwangalia hajawahi kukisikia kile kilio. Nilimhurumia, halafu nikafurahi, halafu nikakasirika upya kwa sababu sitaki kabisa kumpa yule kijana sifa hata moja. Jirani sasa hivi hasikii tamthilia. Anamsikia mama, maana akivaa zile anaongea kama yuko sokoni, huyo mwanamke muongooo, msimwamini, na sisi tivi kwetu iko kimya hatujui anasemwa nani.

Hapa naandika ameshaniita mara mbili, eti humo ndani ya masikio kaingia mwanamke anaongea Kizungu, anamsumbua. Chaji imeisha huyo.