Kapi la meno kwenye demani ya mashua yangu

Kusi la mwaka jana lilinichubua viganja hadi tonge likawa shida kushika. Mashua yangu ni ya futi 24. Demani, yaani kamba ya kuvutia na kuachia tanga, tulikuwa tukiipitisha kwenye kigingi tu, kisha baharia anaing'ang'ania kwa mikono toka Shela mpaka Manda Toto, huku Lamu. Mjomba aliyeko Mombasa akaniagizia kapi la meno kutoka Uingereza, la milimita 57: gurudumu la kupitishia kamba, lenye meno ndani yanayolizuia kuzunguka kinyume.

Niseme mapema: kapi hili halikurahisishii kuvuta. Linakurahisishia kushika. Ukivuta, gurudumu linazunguka, tk tk tk. Upepo ukitaka kuirudisha kamba, gurudumu linagoma na kamba inakwama juu yake, mkono wako unabaki na uzito kidogo tu. Ila lazima kamba izunguke nusu duara au zaidi. Ikipita kwa kugusa tu, huoni faida.

Kosa langu la kwanza ni kamba. Demani yetu ilikuwa ya milimita 14, na kapi nililonunua halipitishi inayozidi 10. Nikanunua nyembamba ya kusukwa. Inapita vizuri, ila inauma vidole kuliko ile ya zamani, kwa hiyo pimeni kamba kabla ya kuagiza. La pili ni la kuchekesha: nililifunga kinyume. Likagoma kuvuta, na kuachia likaachia bila kushika chochote. Baharia wangu akaniuliza kama nimeleta kapi au mbuzi.

Halafu kuna kupindua, yaani kuhamisha tanga upande wa pili. Tanga letu demani yake huzungushwa mbele ya mlingoti hadi ubavu wa pili, kwa hiyo yanatakiwa makapi mawili, kila moja likitazama upande wake. Nimeagiza la pili. Chagueni lenye swichi ya kuzima meno, kwani upepo ukilegea yanazuia kamba kutoka.

Nilijaribu pia kufunga kapi la kawaida kwenye pembe ya tanga ili uzito wa kuvuta upungue nusu. Ulipungua kweli, lakini kamba ya kuvuta ikawa maradufu na kuachia kukachelewa. Nikaling'oa siku ya pili. Kibano cha kufungia demani sikuweka kabisa. Kwenye mkondo wa bahari upepo hauna taarifa, na demani lazima iachike mara moja.

Utunzaji ni maji baridi ya kisima kila jioni. Grisi hapana, inakusanya mchanga. Baharia alikwisha leta sifa, mafuta ya ini la papa, kwenye kopo, nikamwambia apeleke kwenye mbao.