Lengo la tarehe au lengo la hatua?

Anayetaka kwenda magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda karibu na Lamu, kwa mashua hapangi kwa saa ya ukutani. Mkondo wa mikoko unapitika maji yakijaa. Yakitoka, mashua hukwama topeni na nahodha hana la kufanya ila kungoja. Lengo la tarehe, yaani lenye siku ya mwisho, ni la safari za namna hiyo: mtihani, ada ya shule, upepo wa kaskazi unaokaribia kwisha. Pasipo na mlango unaofungwa kweli, tarehe ni ya kujitisha tu, na ikishapita wengi huacha kabisa.

Lengo la hatua, yaani la kufanya kidogo kidogo bila siku ya mwisho, ni kama kutembea ufuo mrefu wa Shela, kisiwani Lamu. Halina la kujigamba barazani, lakini kwa afya na akiba mimi nachagua hili. Mtembeaji huanza maji yametoka, mchanga ukiwa mgumu, na hugeuka kabla hajachoka, maana kurudi ni umbali uleule. (Wageni husahau hili, hasa jua la saa sita.) Mvuvi anayeweka akiba naye aanze na kiasi atakachokimudu hata kusi ikichafua bahari.