Kinanda cha vitufe 61 kwa mzee anayeanza sasa

Mtu aliyetamani kupiga kinanda tangu ujana, akalea watoto kwanza, akastaafu, ndipo akapata nafasi, asiuziwe kidude cha watoto kuchezea. Kinanda cha umeme cha vitufe 61, yaani oktavu 5 (oktavu moja ni kutoka do hadi do inayofuata), kinamtosha kabisa kuanzia. Piano kamili ina vitufe 88, lakini ile ya umeme yenye vitufe vizito kwa kawaida huzidi kilo 10, na vidole vyenye baridi yabisi huchoka nayo mapema.

Jambo moja halina mjadala: kitufe lazima kihisi nguvu ya kidole. Vinanda vingi vya bei ya chini havihisi. Gusa kwa upole, gonga kwa nguvu, sauti ni ileile. Mzee aliyekaa na nyimbo moyoni miaka yote hiyo atazitoaje hapo? Kabla ya kulipa, bonyeza kitufe kimoja polepole, kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, mwombe muuzaji aangalie kwenye mipangilio, maana wakati mwingine uwezo huo upo ila umezimwa. Ikikataa bado, kiache.

Taa za kumulika vitufe zinapendeza dukani tu. Jicho huzoea kufuata taa, noti, yaani alama za muziki kwenye karatasi, hazisomwi.

Stendi ya miguu iliyopishana hugonga magoti, tena huyumba ikiinuliwa juu. Heri meza imara. Kiti kiinuliwe mpaka viwiko vilingane na vitufe, mabega yakiwa yamelegea. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinafaa kuliko saa nzima mfululizo.

Kinachokatisha tamaa wengi ni miwani. Ya kusomea hupimwa kwa umbali wa sentimita 40 hivi, ilhali karatasi ya noti hukaa sentimita 60 au zaidi. Mzee anakunja shingo, inauma, anadhani umri umemtupa mkono! Apime kwa futikamba kutoka jichoni hadi kwenye karatasi, apeleke kipimo hicho kwa mtaalamu wa macho.

Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia naye asikilaumu kinanda sauti ikitetemeka. Vifaa hivyo hurekebishwa kwa ajili ya mazungumzo. Sauti ya noti ndefu hudhaniwa ni mluzi wa kifaa chenyewe, kikajaribu kuuzima. Mtaalamu wa masikio anaweza kuweka programu ya pili, ya muziki.