Chupa ya Baridi kwa Trafiki: Kila Kitu Sawa, Isipokuwa Mfuniko

Karibuni tena, watazamaji wangu. Mezani leo ipo chupa ya chuma cha pua ya lita moja, ile yenye kuta mbili, ambayo wauzaji wa Kariakoo huisifia kila anayeshinda juani, na ambayo baadhi yenu mlio trafiki mmeniomba niikague kabla hamjatoa fedha. Kuhusu kutunza baridi sitawachosha, kwa kuwa chupa za aina hii mnazijua: barafu iliyotiwa alfajiri bado hugongana ndani saa sita mchana. Kinachoniudhi ni mfuniko.

Tazameni mikono yangu. Nimevaa glavu nyeupe, nimeshika redio ya upepo na filimbi iko mdomoni, kama askari aliyesimama pale Mwenge huku magari ya Barabara ya Bagamoyo na ya Sam Nujoma yakisubiri ishara yake. Ili ninywe, sharti niteme filimbi, niibane redio kwapani, kisha nizungushe mfuniko huu laini, na mnaona jinsi kitambaa cha glavu kinavyoteleza juu yake bila kuushika. Haya, umefunguka, sasa niuweke wapi, maana hauna hata kamba ya kuufunga shingoni mwa chupa? Nikiinua chupa kwa haraka, mdomo wake mpana unanimwagia maji kifuani, na sare nyeupe haifichi kitu.

Msidhani ninatafuta makosa. Wanaofanya kazi kwenye joto hushauriwa kunywa kidogo kidogo bila kungoja kiu, kiasi cha mililita 240 kila baada ya dakika 15 hadi 20, maana yake mfuniko huu utafunguliwa mara tatu au nne kwa saa. Askari akiona ni usumbufu ataahirisha hadi atakapopokewa zamu, kisha agugumie lita nzima kwa mkupuo, ilhali kupitisha takriban lita moja na nusu kwa saa kunaweza kupunguza mno chumvi katika damu. Kwa kipimo kile cha mililita 240, chupa hii itakwisha baada ya saa moja na ushei, kwa hiyo dumu la kujazia libaki kwenye gari.

Mshindani wake, kile kitambaa cha kulowesha na kuvaa shingoni, ni rahisi zaidi, lakini hupoza kwa maji yake kugeuka mvuke, na hewa ya Dar es Salaam mwezi Februari imejaa unyevu kiasi kwamba hata jasho halikauki, seuze kitambaa. Kwa askari wa Dodoma, penye hewa kavu, ningekipendekeza bila kusita. Nitakipima huko katika video ijayo, basi jiungeni na chaneli msiikose.

Tukirudi kwenye chupa, nimeuziwa kwa shilingi 35,000, bei ambayo ningeivumilia kwa baridi yake, kama duka la jirani lisingekuwa na nyingine ya ujazo uleule, yenye mfuniko wa kitufe na mrija, kwa nyongeza ya shilingi 5,000 tu. Mlinzi wa getini mwenye kiti na kivuli achukue hii. Trafiki, ongeza hiyo elfu tano, na kabla hujalipa, vaa glavu zako ujaribu kitufe hapohapo dukani.