Mtwara au Lindi: mwongozo wa kununua kiwanja cha kustaafia

Mafao yakishatoka, simu za madalali haziishi. "Mzee, kuna kiwanja Shangani ya Mtwara, upepo wa bahari saa zote." "Mama, njoo Lindi, kwa hela hiyo unapata eka nzima." Wengi wanaoniuliza ni walimu, manesi na askari waliofanya kazi Kusini wakapapenda, au Wamakonde, Wamwera na Wamakua walioishi Dar es Salaam miaka yote na sasa wanataka kurudi nyumbani. Swali lao ni moja: tununue Mtwara au Lindi?

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa mtu anayeelekea miaka 60, Mtwara mjini naipa nafasi ya kwanza, Masasi ya pili, Lindi mjini ya tatu, Nachingwea na Ruangwa ya nne, Newala ya tano. Masasi na Newala ziko Mkoa wa Mtwara; Nachingwea na Ruangwa ziko Mkoa wa Lindi, na Kilwa pia, ila hiyo nitaizungumzia peke yake. Viwanja vya ufukweni nimeviweka mwisho kabisa, na najua ndivyo vinavyopendwa.

Nimepanga kwa kuangalia hospitali kwanza, kisha maji, kisha barabara, halafu karatasi za ardhi. Bei inafuata baada ya hayo, na sababu iko kwenye kikotoo, yaani hesabu inayogawa mafao yako, chenyewe. Kikotoo kilichoanza Julai 2022 kiliweka mkupuo, ile fedha unayopewa mara moja, kwenye asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikaupandisha kwa baadhi ya wastaafu hadi asilimia 40. Maana yake sehemu kubwa ya haki yako inakuja mwezi kwa mwezi. Kiwanja unanunua mara moja, lakini nauli ya kliniki ya presha au sukari unailipa kila mwezi kutoka kwenye pensheni hiyo hiyo, yako na ya msindikizaji. Kiwanja cha bei nafuu kilicho mbali na daktari kitakudai mpaka mwisho.

Tofauti ya bei kati ya mikoa hii miwili ina historia na hesabu yake. Zamani ilikuwa mkoa mmoja. Lindi ilipewa mkoa wake mwaka 1971. Leo Lindi ina ardhi ya kilomita za mraba zipatazo 66,000 na watu wasiozidi sana milioni 1.2 kwa sensa ya 2022. Mtwara ina kilomita za mraba 16,700 hivi na watu zaidi ya milioni 1.6. Ukisikia ardhi ya Lindi ni rahisi, ndiyo hiyo sababu. Hapo hakuna muujiza wa dalali.

1. Mtwara mjini

Iliyoipandisha Mtwara kwangu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mitengo, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua mwaka 2023. Miaka yote kabla hospitali hiyo haijaanza kazi, mgonjwa aliyeshindikana Ligula aliandikiwa rufaa ya Muhimbili, safari ya zaidi ya kilomita 550. Familia ngapi za Kusini zimeuza mikorosho kwa ajili ya safari ile? Sasa Ligula ipo kama hospitali ya mkoa na Mitengo ipo juu yake, zote ndani ya manispaa moja. Kwa mzee, hilo peke yake linatosha kubadili hesabu ya bei. Na ikitokea lazima kwenda Dar kwa haraka, kiwanja cha ndege kipo.

Tafuta upande wa Mangamba, au njia ya Naliendele, kwenye viwanja vilivyopimwa na kuidhinishwa. Shangani ni pazuri kweli, lakini bei yake inalipia bahari, na bahari inadai tena kila mwaka: bati zinapata kutu mapema, nondo zilizofunikwa kwa zege jembamba zinavimba na kupasua nguzo, vitasa na bawaba vinakaza. Ukijenga karibu na maji ya chumvi, hakikisha mchanga wa tofali haukuchotwa pwani. Saruji haitakuwa shida sana, maana kiwanda cha Dangote kiko mkoani humo humo.

Mikindani ina haiba yake. Mji ni wa kale, una nyumba za mawe na chokaa, na ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Ukinunua nyumba ya zamani kule, ulizia kwanza masharti ya ukarabati kabla ya kubomoa hata ukuta mmoja.

Tahadhari mbili. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kusafirishwa kupitia bandari ya Mtwara, malori yanapita usiku na mchana. Kiwanja cha pembeni ya barabara kuu kinaonekana cha maana mpaka ulale hapo usiku mmoja na kifua chako cha miaka sitini. Ya pili ni gesi. Miaka ya 2012 na 2013 bei za ardhi Mtwara zilipaa kwa matumaini ya gesi ya Mnazi Bay, na wengi waliojenga kwa ajili ya wapangaji wakasubiri wapangaji ambao hawakufika kwa wingi waliotarajiwa. Nunua kiwanja cha kukaa wewe. Dalali akikuambia "hapa patapanda", mwambie wewe unatafuta pa kulala.

2. Masasi

Watu wananishangaa kwa hili, kwa sababu Masasi haina bahari. Ina Ndanda. Hospitali ya Wabenediktini wa Ndanda imetibu watu wa Kusini kwa vizazi, na wagonjwa huifuata kutoka Tunduru, Newala na Nachingwea. Mjini kwenyewe kuna hospitali ya Mkomaindo. Barabara ni ya lami kutoka Mnazi Mmoja ya Lindi mpaka Masasi, na lami inaendelea Tunduru hadi Songea, hivyo mwenye watoto Ruvuma au Mbeya hajatengwa nao.

Ardhi bado inapatikana, soko ni kubwa, na milima ya mawe inayouzunguka mji inaufanya upendeze jioni. Oktoba na Novemba joto ni kali, jenga dari ya juu na madirisha makubwa. Kabla ya yote nenda Ndanda na kadi yako ya bima ya wastaafu, uliza dirishani dawa zako unazotumia zinapatikana na bima inazilipia. Swali hilo dogo linaamua mengi kuliko ukubwa wa kiwanja.

3. Lindi mjini

Naipenda Lindi na sitaki ionekane nimeidharau. Ni mji mtulivu uliolala kati ya kilima na ghuba, samaki wanashuka asubuhi na kufika jikoni kabla jua halijapanda, na kutoka hapo hadi Dar unapunguza zaidi ya kilomita 100 ukilinganisha na Mtwara. Maji ya mradi wa Ng'apa yamebadilisha maisha ya mji. Hospitali ya Sokoine ipo, na kwa maradhi ya kawaida ya uzee itakuhudumia. Likija kubwa, utapanda gari kilomita 100 na zaidi kwenda Mtwara. Hapo ndipo Lindi inapopoteza nafasi.

Angalia Ngongo, kule kwenye viwanja vya Nane Nane, na Mitwero. Ng'ambo ya Kitunda ni pazuri na ardhi ni rahisi, lakini kumbuka mgonjwa wa usiku atategemea chombo cha majini. Kwa mzee mimi sishauri.

Kuna maneno utayasikia Lindi kuliko kwingine kokote: "mradi wa LNG". Eneo la Likong'o limetengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi asilia, na mradi umezungumzwa miaka mingi. Kila anayeuza ardhi kuelekea huko ataupandisha mradi huo kwenye bei. Mstaafu asiulipie mradi ambao haujajengwa.

4. Nachingwea na Ruangwa

Hapa ni kwa wanandoa ambao bado wana nguvu na wanataka kulima. Nachingwea ilipangwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, mitaa yake imenyooka na ina nafasi. Ruangwa imefunguka tangu lami ya kutoka Nanganga ifike. Korosho na ufuta vinakubali, na mnada wa chama cha msingi cha ushirika unakuletea fedha benki msimu ukifika.

Ila shamba la mikorosho lina mtego ambao mgeni haujui. Kusini, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mwenye shamba akibanwa na shida, hukodisha mikorosho yake kwa mtu mwingine kwa misimu kadhaa, anachukua fedha, ardhi inabaki jina lake. Kisha anakuuzia wewe. Umelipa, umefyeka, umeweka mlinzi, halafu mwezi wa sita anatokea kijana na mashine ya kupulizia salfa mgongoni: "Shikamoo mzee, nimekuja kupuliza mikorosho yangu." Ana karatasi, ina mashahidi, na tarehe yake ni ya kabla ya yako. Kesi za namna hii huchosha mabaraza na huvunja ujirani. Kwa hiyo tembea shamba zima na muuzaji na majirani wa pande zote nne, uliza kila mkorosho ni wa nani na nani aliuvuna msimu uliopita. Andikeni kwenye mkataba kwamba miti yote inauzwa pamoja na ardhi na haikukodishwa kwa mtu.

Jambo la pili ni wajomba. Wamwera, Wamakua na Wamakonde kwa mila wanafuata ukoo wa mama, na shamba la familia mara nyingi lina mjomba mwenye neno juu yake kuliko baba. Mzee wa makamo akikuuzia peke yake, kwa haraka, bila ndugu wa upande wa mama kukaa mkekani, simama. Omba kikao. Wakikubali wote na kutia saini, umepata shamba na umepata na jamaa.

5. Newala

Hali ya hewa ya Newala ndiyo nzuri kuliko zote nilizotaja. Uwanda wa Makonde uko juu, jioni unatafuta sweta, na ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma mpaka upande wa Msumbiji. Kilichoiweka tano ni maji. Uwanda hauna mito, maji yanasukumwa kutoka mabondeni, na pampu ikisumbua mnasumbuka wote. Ukinunua Newala, weka kwenye bajeti mifereji ya bati na tangi kubwa la chini ya ardhi kabla ya rangi na vigae.

Kilwa

Mwenye watoto na wajukuu Dar es Salaam atavutiwa na Kilwa kwa sababu ya ukaribu, na siwezi kumlaumu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye urithi wa dunia tangu 1981, na bahari yake haina mfano. Kumbuka tu Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja na mvua kubwa: barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama. Mwenye dawa za kila siku asiishi Kilwa, wala kwingine kokote Kusini, bila akiba ya dawa ya mwezi mzima ndani.

Viwanja vya ufukweni

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kile kiwanja "kinachogusa maji" kwenye picha ya dalali, sehemu yake nzuri ndiyo usiyoruhusiwa kujenga. Ongeza kutu, visima vya chumvi, na maeneo ambayo serikali ina mipango yake, kama Kisiwa Mgao, Mtwara, penye mpango wa bandari ya mizigo michafu kama makaa ya mawe. Bahari ya Kusini inafikika kwa bajaji. Nenda jioni, upunge upepo, urudi kulala penye maji yasiyo na chumvi.

Kabla hujalipa

Usinunue kiangazi. Kati ya Juni na Oktoba kila kiwanja ni kikavu na kila njia inapitika. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, hivyo njoo Februari au Machi. Bora zaidi, panga nyumba mji unaoutaka, ukae mvua moja mpaka iishe, ufungue bomba kila asubuhi uone linatoa siku ngapi kwa wiki. Kodi ya mwaka mmoja ni ndogo kuliko pagale utakalolikimbia.

Kisha nenda Ofisi ya Ardhi ufanye upekuzi wa hati: jina, namba ya kiwanja, matumizi yaliyoidhinishwa, deni la kodi ya pango la ardhi, na kama kuna benki iliyoishikilia. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba mliuziana mbele yake, hautoi umiliki. Kijijini, ulizia hati ya hakimiliki ya kimila na muhtasari wa kikao cha kijiji. Muuzaji aliyeoa au kuolewa, mwenzi wake atie saini, na wewe andika majina yote mawili, lako na la mwenzi wako, ili mmoja akitangulia mwingine asisumbuliwe.

Mchukue mpima, mtafute bikoni, yaani alama za mipaka, zote nne pamoja, mzione kwa macho. Fedha ipitie benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililoko kwenye hati.